Mazungumzo ya 9: ARV Hazizuii Magonjwa Mengine ya Zinaa

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Ruiri. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu jikoni, yaani magonjwa ya zinaa kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa za ARV. Kama kuna watoto wadogo karibu na redio, waambie wakacheze nje kidogo. Wale waliobalehe wakae wasikilize, kwa maana yanawahusu.

Neno la leo ni fupi. ARV zimetengenezwa kupigana na virusi vya UKIMWI. Hazizuii kaswende, hazizuii kisonono, hazizuii klamidia. Mama anaweza kumeza dawa zake kila siku bila kukosa, damu yake ikapimwa na virusi visionekane, na bado akawa na kaswende mwilini bila kujua.

Sisi tunaofuga ng'ombe hatupaswi kushangaa. Ukimwosha ng'ombe dawa ya kupe, unamkinga na ndigana. Lakini dawa hiyo haimkingi na ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna mfugaji anayeacha kuosha ng'ombe kwa sababu hiyo. Anaendelea kuosha, kisha anatafuta chanjo ya ule ugonjwa mwingine. Na sisi tufanye vivyo hivyo na miili yetu.

TULITOKA WAPI

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mnamo Novemba 1999 serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo hapakuwa na ARV kwa watu wa kawaida, kwa hivyo wahudumu wa afya walijitahidi sana kutibu magonjwa mengine ya zinaa, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba yanafungulia UKIMWI mlango.

Ugunduzi huo ulianzia karibu na kwetu. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walifanya kazi na wanawake wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Mmoja wao alikuwa muuguzi kama mimi, Profesa Elizabeth Ngugi. Waliona kwamba mtu mwenye vidonda sehemu za siri huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi. Sababu zake ni mbili. Kwanza, kidonda ni ngozi iliyofunguka. Pili, mahali penye kidonda au uvimbe hukusanya chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na hao askari ndio virusi vya UKIMWI hupenda kuwashambulia.

Majirani zetu wa Mwanza, Tanzania, walilipima jambo hili kati ya mwaka 1991 na 1994. Vituo vya afya katika baadhi ya vijiji viliimarishwa ili vitibu vizuri magonjwa ya zinaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995, na maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika vijiji hivyo yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 yakilinganishwa na vijiji vingine.

Kisha ARV zikaja. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilianza kuzitoa bure katika hospitali za umma. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliotangazwa mwaka 2000, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba virusi vikiwa vichache sana katika damu, mtu hamwambukizi mwenziwe. Mwaka 2011 ukaja utafiti mwingine mkubwa wa nchi tisa, ikiwemo Kenya pale Kisumu. Ulionyesha kwamba kuanza ARV mapema hupunguza kumwambukiza mwenzi kwa asilimia 96. Halafu mwaka 2016 na 2019 tukapata matokeo ya utafiti wa Ulaya. Katika wenzi waliofuatiliwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI na mwenziwe ambaye dawa zilikuwa zimevituliza virusi vyake. Hizo ni habari njema, na nataka kila mama anayetumia dawa azisikie. Ukimeza dawa zako vizuri na virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzi wako virusi vya UKIMWI kwa njia ya kujamiiana.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya utafiti huo wa Ulaya. Baadhi ya watu hao hao, ambao hawakuambukizana virusi vya UKIMWI, walipata magonjwa mengine ya zinaa katika miaka hiyo waliyofuatiliwa. Dawa ziliufunga mlango mmoja, na milango mingine ikabaki wazi.

Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Mtu anasema, "Virusi vyangu havionekani, kwa hivyo siambukizi." Ni kweli. Kisha anaongeza, "Kwa hivyo sina haja ya kupimwa kitu kingine." Hapo amekosea.

MAGONJWA YENYEWE

Yako magonjwa ya zinaa yanayopona kabisa yakitibiwa. Hayo ni kaswende, kisonono, klamidia, trikomonasi na pangusa. Yako pia yale ambayo virusi vyake hubaki mwilini, lakini tunaweza kuyadhibiti, kama vile malengelenge ya sehemu za siri. Vile vile kuna virusi vya HPV, ambavyo aina fulani huleta vinyama sehemu za siri na aina nyingine huleta saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi mwili huviondoa virusi vya HPV wenyewe, lakini kinga ikiwa dhaifu vinakawia kutoka.

Homa ya ini aina B nayo huambukizwa kwa njia ya ngono, lakini hapa ARV zina msaada. Kidonge ambacho wengi humeza siku hizi kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza huvipunguza pia virusi vya homa ya ini aina B. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha dawa ghafla, maana ukiwa na homa hiyo na ukaacha, ini linaweza kuumia vibaya.

Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, baadhi ya magonjwa haya huwa makali zaidi. Malengelenge huweza kurudi mara kwa mara na vidonda vikakawia kupona, hasa kama kinga imeshuka. Kaswende isipotibiwa huweza kuingia kwenye macho na ubongo. Na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamo katika hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko wanawake wengine. Nakuomba, mama, usiusahau huo mlango wa kizazi. Unaweza kuokolewa na ARV, kisha ukaja kuuawa na saratani ambayo ingeonekana mapema.

DALILI, NA KUTOKUWA NA DALILI

Mwanamume akipata kisonono, mara nyingi atajua. Atatokwa na usaha na atasikia maumivu akikojoa. Kwa mwanamke, mambo ni tofauti. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii chochote. Kaswende nayo huanza kwa kidonda kisicho na maumivu, ambacho kinaweza kuwa ndani mahali usipoweza kuona. Kidonda hupona chenyewe, na mama hudhani hakuna kitu. Lakini viini vimebaki katika damu.

Hata hivyo zipo dalili ambazo ukiziona usingoje:

- Uchafu kutoka ukeni wenye rangi ya manjano au kijani, au wenye harufu mbaya
- Kuwashwa, au maumivu unapokojoa
- Maumivu chini ya kitovu, hasa wakati wa tendo la ndoa
- Damu kutoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi
- Kidonda, lengelenge au kinyama sehemu za siri
- Mitoki, yaani uvimbe kwenye mapaja pale juu
- Vipele vya mwili mzima visivyowasha, hasa vikitokea viganjani na kwenye nyayo

Ningependa pia kuwatoa hofu. Si kila uchafu ni ugonjwa wa zinaa. Ukungu, ule uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda unaowasha sana, unaweza kumpata mama bila mtu yeyote kumwambukiza. Kwa hivyo usianze kumshuku mumeo kabla hujapimwa.

Na usijioshe ndani ya uke kwa sabuni, kwa dawa ya kuua viini au kwa majani ya kuchemsha. Uke una njia yake ya kujisafisha. Ukiuosha hivyo unaharibu ulinzi wake na kuyakaribisha magonjwa.

MAMA MJAMZITO NA KASWENDE

Tuchukue mfano. Huyu si mtu wa hapa kwetu, ni mfano tu wa kutusaidia kuelewa. Tumwite Mama Kendi. Ana umri wa miaka 29 na anauza mboga sokoni. Aligundua ana virusi vya UKIMWI alipokuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Mumewe, dereva wa lori la viazi, naye alipimwa na wote wawili wanatumia dawa. Kipimo chao cha mwisho kilionyesha virusi havionekani. Sasa Mama Kendi ana mimba nyingine. Hana maumivu, hana uchafu, anajisikia vizuri.

Anakwenda kliniki ya wajawazito. Pale kliniki, akina mama wengi hupimwa kwa kifaa kimoja kinachoonyesha virusi vya UKIMWI na kaswende kwa tone moja la damu. Ni kifaa kizuri. Lakini kifaa hicho si cha mtu ambaye tayari anajulikana ana virusi na yuko kwenye ARV, maana hahitaji kupimwa UKIMWI upya. Yeye anapaswa kupimwa kaswende kwa kifaa chake peke yake. Sasa, kukiwa na foleni ndefu na muuguzi ni mmoja, ni rahisi mama kama huyu kuandikwa "anajulikana" na kupita bila kupimwa kaswende.

Akipita hivyo na kumbe ana kaswende, tunamtia mtoto hatarini. Kaswende ya mama isipotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba hizo hupata madhara. Mimba huweza kutoka, mtoto huweza kuzaliwa amekufa, au kuzaliwa kabla ya wakati, au kufa siku za mwanzo, au kuzaliwa na kaswende inayoharibu mifupa, macho na masikio. Fikiria mama aliyejitahidi kumeza ARV miezi tisa ili mtoto asipate virusi, kisha ampoteze kwa ugonjwa unaotibika kwa sindano.

Sindano hiyo ni ya penisilini ya benzathini, na hudungwa kwenye tako. Kaswende ikiwa changa, sindano moja hutosha. Ikiwa ya zamani au haijulikani ilianza lini, mama hudungwa sindano tatu, moja kila juma. Dawa hiyo inamfikia na mtoto tumboni. Inafaa tiba ianze mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kama umewahi kudhurika ulipodungwa penisilini, mwambie muuguzi kabla hajakudunga.

Kwa hivyo, mama mjamzito, usitoke kliniki kabla ya kuuliza swali hili: "Je, leo nimepimwa kaswende?" Fungua kijitabu chako cha kliniki uangalie kama matokeo yameandikwa. Kuuliza si ukorofi. Ni haki yako na ya mtoto.

Akishazaliwa, mtoto hupakwa dawa ya macho. Dawa hiyo inamkinga na kisonono ambacho angeweza kukipata akipita njiani, na ambacho kinaweza kumpofusha. Ukijifungulia nyumbani au njiani kuelekea hospitali, mpeleke mtoto siku hiyo hiyo.

NJIA YA MKATO YA DUKA LA DAWA

Najua ni kwa nini watu huenda dukani. Pale kliniki kuna foleni, na kuna jirani anayekujua. Dukani unanong'ona kidogo, unapewa vidonge vichache na kwenda zako. Lakini njia hiyo ina hasara tatu.

Kwanza, unaweza kupewa dawa isiyofaa. Viini vya kisonono vimejifunza kuzishinda dawa nyingi za zamani, ikiwemo penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini. Siku hizi kisonono hutibiwa hasa kwa sindano ya seftriaksoni. Ukinunua vidonge vya zamani, usaha unaweza kupungua na viini vikabaki.

Pili, unaweza kupewa dozi pungufu. Mfano ni trikomonasi. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, dawa ya siku saba huponya vizuri kuliko ile ya kumeza yote mara moja. Muuza duka hajui hali yako, na wewe hutamwambia.

Tatu, baadhi ya dawa, kama doksisaiklini, hazimfai mama mjamzito.

Na hapa kuna onyo kubwa. Ukitibiwa ugonjwa wa zinaa, usiache ARV. Wengine husema, "Nimalize kwanza hizi, nitarudia zile baadaye." Hapana. Dawa tunazotumia kwa kawaida kutibu kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi zinaweza kutumiwa pamoja na ARV. Mwonyeshe daktari kadi yako ili ajue unameza nini. Ukisimamisha ARV, virusi vitaamka, na hapo utaweza kumwambukiza mwenzi wako.

MWENZI WAKO

Ugonjwa wa zinaa haumponi mtu mmoja. Ukitibiwa peke yako, utarudi nyumbani na kuambukizwa upya. Nyote wawili mtibiwe, kisha mngoje siku saba baada ya matibabu na dalili ziwe zimekwisha kabla ya kukutana tena, au mtumie kondomu. Kama mmepewa sindano tatu au dawa za siku nyingi, ngojeni mpaka mzimalize.

Kumwambia mume si jambo rahisi. Akina mama huogopa kupigwa, kufukuzwa na kuitwa majina. Nitawaambia mambo mawili ya kusaidia. La kwanza, ugonjwa wa zinaa hauna tarehe. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na malengelenge vile vile. Matokeo ya leo hayasemi ni nani aliyeleta wala ni lini. Yanasema tu kwamba wote wawili mnahitaji dawa. Mwambie hivyo, na useme "tutibiwe", usiseme "umeniletea".

La pili, si lazima uende na mzigo huo peke yako. Mwombe muuguzi akupe karatasi ya kumwita mwenzi, au mje pamoja azungumze nanyi. Kama unaogopa kwamba utaumizwa, mwambie muuguzi kabla hujarudi nyumbani. Pia ipo simu ya bure ya kusaidia wanaodhulumiwa, nambari 1195. Siri yako inalindwa pia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inamkataza mhudumu wa afya kutangaza hali yako bila idhini yako.

Kondomu bado ni rafiki wa familia. Hukinga vizuri kisonono, klamidia na trikomonasi. Hupunguza pia kaswende, malengelenge na HPV, ingawa si kabisa, kwa sababu hayo huweza kupita kwenye ngozi ambayo mpira haukuifunika. Tumia mpya kila mara. Usipake mafuta ya kujipaka mwilini, kwa kuwa huufanya mpira upasuke.

WASICHANA NA WATOTO TUNAOWALEA

Nyanya wengi wanaonisikiliza wanalea wajukuu waliozaliwa na virusi. Watoto hao wamekua kwa sababu mlihakikisha wamemeza dawa. Sasa ni vijana, na wanaanza kupendana kama vijana wengine. Usimfundishe dawa tu. Mwambie pia juu ya magonjwa haya, kwa maneno ya wazi, kabla hajafundishwa na mtaa.

Kwa wasichana, ipo chanjo ya HPV. Serikali ilianza kuitoa mwezi wa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na hutolewa bure. Hukinga saratani ya mlango wa kizazi. Msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI anahitaji zaidi ya dozi moja, kwa hivyo mweleze muuguzi hali yake ili ampangie tarehe. Chanjo hii haimzuii msichana kuzaa baadaye.

Jambo la mwisho hapa ni zito. Ukiona mtoto mdogo ana usaha, kidonda au vinyama sehemu za siri, usimpige wala usimfiche. Huenda mtu amemdhulumu. Mpeleke hospitali mara moja. Kama ni jambo lililotokea karibuni, mfikishe kabla ya saa 72 kupita, ili kama hana virusi vya UKIMWI apewe dawa za kuvizuia. Usimwogeshe kwanza, na nguo alizovaa uzibebe kwa karatasi. Unaweza pia kupiga simu ya watoto, nambari 116, bila malipo. Mambo ya namna hii hayamalizwi na wazee wa ukoo kwa mbuzi.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

Je, nikiwa na kisonono nitaanza kumwambukiza mume wangu virusi vya UKIMWI hata kama havionekani kwenye kipimo?

La. Ukiendelea kumeza dawa na virusi visionekane, hutamwambukiza UKIMWI hata ukiwa na ugonjwa mwingine wa zinaa. Lakini kisonono chenyewe utamwambukiza. Na kama umekuwa ukikosa dawa, hatujui tena hali ya virusi. Rudi upimwe.

Sisi wote wawili tuna virusi. Kuna haja gani ya kujikinga?

Mnaweza bado kuambukizana kaswende, klamidia au malengelenge. Kama mmetibiwa, mmepimwa na hamna wengine nje, zungumzeni na muuguzi juu ya mpango wenu. Kama mmoja ana mwingine nje, kondomu inahitajika.

Mlango wa kizazi hupimwaje? Nasikia wanakata nyama.

Hapana. Muuguzi anaweza kutumia kijiti chenye pamba kuchukua ute kidogo, kisha ute huo hupimwa virusi vya HPV. Au hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana alama nyeupe. Ni dakika chache tu. Alama ikionekana mapema, hutibiwa kabla haijawa saratani. Wewe unayeishi na virusi unapaswa kupimwa mara nyingi zaidi kuliko mwanamke mwingine, kwa hivyo uliza tarehe yako.

Siku hizi kliniki ya CCC imechanganywa na wagonjwa wengine. Nitasemaje mbele ya watu?

Ni kweli, tangu mwaka 2025 vituo vingi nchini vimekuwa vikiunganisha huduma hizo na za kawaida. Unaweza kukutana na mhudumu asiyekujua. Usiseme chochote pale kwenye foleni. Ngoja uingie chumbani, mlango ufungwe, kisha umwonyeshe kadi na useme, "Ninatumia ARV, naomba pia kupimwa magonjwa ya zinaa." Maneno hayo yanatosha.

YA KUKUMBUKA

1. Meza ARV kila siku. Zinalinda uhai wako na zinamlinda mwenzi wako na virusi vya UKIMWI.
2. ARV hazizuii kaswende, kisonono, klamidia wala HPV. Omba kupimwa hata kama husikii maumivu.
3. Ukiwa mjamzito, uliza kama umepimwa kaswende.
4. Usitibiwe peke yako, na usijitibu dukani.
5. Pima mlango wa kizazi, na wasichana wapate chanjo.

Akina mama, siku ya kuchukua dawa mnatembea mwendo mrefu, wengine mnaacha shamba na soko. Mkishafika, msichukue chupa ya dawa tu na kugeuka. Ulizeni lile swali moja zaidi. Katika vituo vya afya na hospitali za Meru na Embu wapo wauguzi walio tayari kuwajibu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kunyonyesha mtoto wakati mama anatumia ARV. Hadi wakati huo, kwaherini na Mungu awalinde.